Kliniki, bwana mifugo, duka la dawa au chanjo ya bure: mtoto wa mbwa umpeleke wapi?

Kila mwaka ukielekea Desemba, vibaka wanapoanza kuchangamka, napigiwa simu ileile. "Nimepata mtoto wa mbwa. Nimpeleke wapi akachanjwe?" Mpigaji anataka jina la kliniki na bei. Mimi namuuliza kwanza: ana wiki ngapi? Hapo panakuwa na ukimya kidogo, kisha najibiwa, "Ameshaanza kula ugali huyo," au "Aliyeniuzia kasema ni wa miezi miwili, tena ameshachanjwa."

Neno hilo "ameshachanjwa" liliwahi kuniponza. Nilinunua dume jeusi, chotara wa German Shepherd, kutoka kwa kijana aliyekuwa amewapanga watoto wa mbwa kwenye boksi pembeni mwa barabara. Alinipa na kadi. Ndani ya kadi palikuwa na mstari mmoja wa kalamu ya bluu: tarehe, neno "chanjo", basi. Siku ya tisa nyumbani kwangu mbwa akaanza kutapika povu, kesho yake akahara damu yenye harufu ambayo ukiishainusa huisahau, na usiku wa siku ya tatu ya kuugua akafa. Daktari niliyemkimbilia aliniuliza maswali matatu: alichanjwa nini, lini, na nani? Sikuwa na jibu hata moja.

Kwa mtu wa Dar, Mwanza, Arusha au Mombasa njia ziko nne. Kuna kliniki ya wanyama. Kuna daktari au bwana mifugo anayekuja nyumbani. Kuna duka la dawa za mifugo, unanunua kichupa na kuchoma mwenyewe au kumtafuta fundi wa mtaani. Halafu kuna siku ya chanjo ya bure inayotangazwa na halmashauri. Watu huzilinganisha kwa bei. Mimi nitazilinganisha kwa maswali matatu ya yule daktari, na mengine mawili niliyojifunza baadaye.

Sindano zenyewe hazifanani

Wengi hudhani chanjo ya mbwa ni moja, ya kichaa. Ukweli ni kwamba unazungumzia chanjo mbili tofauti kwa kila kitu: zilivyotengenezwa, umri wa kuchomwa, na hata zinavyovumilia joto.

Ya kwanza ni ya mchanganyiko, ile ambayo madukani wanaiita tano kwa moja au saba kwa moja kulingana na mtengenezaji. Namba hiyo isikutishe wala isikupumbaze. Kiini ni magonjwa matatu: parvo ya kutapika na kuhara damu, distempa inayoshambulia mapafu hadi ubongo, na homa ya ini ya mbwa. Nyingi huongezewa leptospirosisi, ugonjwa unaosambaa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, ambao Watanzania waliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka Ruangwa mkoani Lindi, Julai 2022. Huo unampata binadamu pia. Ukiishi mahali panapotuama maji na panya wapo, usikubali chanjo isiyokuwa nao.

Distempa ni ileile iliyoua karibu theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994, kwa hiyo usidhani ni mafua ya mbwa. Na parvo ndiyo iliyonichukulia dume langu. Ilijitokeza duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1978 ilikuwa imeshazagaa mabara kadhaa. Ubaya wake ni kwamba virusi vyake hukaa ardhini kwa miezi mingi, hata mwaka, vikisubiri mtoto mwingine apite. Sabuni ya kufulia haivigusi. Jik inaviua, kipimo kimoja kwa thelathini vya maji, lakini juu ya sakafu iliyokwisha kusafishwa. Kwenye udongo wa uani Jik ni kumwaga pesa. Rottweiler, Doberman na German Shepherd, yaani wale wale tunaowapenda kwa ulinzi, ndio huugua vibaya zaidi.

Ya pili ni ya kichaa cha mbwa. Hii inamlinda mbwa, lakini zaidi inakulinda wewe, watoto wako na jirani anayepita getini. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu wapatao 59,000 kwa mwaka duniani kutokana na kichaa, na karibu wote waling'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hospitali yoyote itakayokupokea haitakuwa na la kufanya zaidi ya kukutuliza.

Sasa kalenda. Mwongozo wa chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, toleo la 2024, unasema chanjo ya mchanganyiko ianze mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, irudiwe kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16 au zaidi, kisha apewe nyingine anapofika miezi 6. Ya kichaa huchomwa kuanzia wiki ya 12, inarudiwa baada ya mwaka.

Kwa nini mara zote hizo? Hapa ndipo wauzaji wanapotushinda, kwa sababu hatujui. Mtoto aliyenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, anakuwa na kinga ya kuazima. Kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu inaizima chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Inapungua taratibu, na huwezi kuona kwa macho siku inapoisha: huyu wiki ya 8, ndugu yake wa tumbo moja wiki ya 14. Kwa hiyo tunabisha hodi mara tatu, mara nne, tukitumaini mojawapo tutakuta mlango wazi. Mtoto aliyechomwa sindano moja akiwa na wiki 5 huenda kweli "ameshachanjwa", na bado akafa kwa parvo kama wangu.

Hivyo ukisikia mahali panapokupa sindano moja na kukuaga kwaheri, hapo hawajakuchanjia mbwa. Wamekuanzishia.

Nani ameitunza baridi?

Chanjo ya mchanganyiko ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Huja kama poda kavu chini ya kichupa kidogo, pamoja na kichupa cha pili cha maji ya kuchanganyia, na inatakiwa ikae nyuzi joto 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi dakika ya kuchomwa. Ikipata joto inakufa, lakini rangi yake haibadiliki wala haitoi harufu. Maziwa yaliyoharibika yanakuambia. Chanjo haikuambii kitu.

Kliniki nzuri ina friji ya dawa tu, yenye kipimajoto, na umeme ukikatika wana jenereta au betri. Nimesema nzuri. Nimewahi kuingia kliniki yenye viti vya kuzunguka na televisheni ukutani, nikafunguliwa friji nikaona chanjo zimelala kati ya soda na kiporo cha wali. Nikaaga kwa adabu.

Anayekuja nyumbani yeye anategemea deli. Mwulize tu bila kuona haya: "Shikamoo daktari, samahani, naomba kuona deli." Mwenye kazi yake atakufungulia huku anatabasamu, ndani utaona barafu, kipimajoto, vichupa vimefungwa visiguse barafu moja kwa moja. Asiye na kazi yake atatoa kichupa mfukoni mwa koti. Barabara ya Goba au Mbagala saa nane mchana, ndani ya mfuko wa koti, juu ya pikipiki: hiyo si chanjo tena.

Duka la dawa za mifugo ndilo linalonipa mashaka zaidi. Maduka mengi yana friji na wenye nayo ni watu waungwana, ila mgao wa umeme hauchagui. Kichupa kililala gizani saa ngapi jana? Muuza duka mwenyewe huenda hakuwepo. Halafu unakibeba kwenye mfuko na kipande cha barafu kilichoyeyuka kabla daladala halijafika Ubungo.

Chanjo ya bure, ajabu, hapa haina tatizo kubwa, kwa sababu ni ya kichaa tu. Chanjo ya kichaa imetengenezwa kwa virusi vilivyokwisha kuuawa, na ni ngumu zaidi. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi Tanzania walichapisha matokeo ya aina mojawapo iliyokaa nyuzi 25 kwa miezi 6, na nyuzi 30 kwa miezi 3, na bado ikawapa mbwa kinga sawa na iliyokaa kwenye friji. Ndiyo maana timu za halmashauri zinaweza kufika vijiji visivyo na umeme. Lakini usije ukachukua habari hiyo ukaipeleka kwenye tano kwa moja. Ni vitu viwili.

Nani amemwangalia mtoto kabla ya kumchoma?

Kwenye jambo hili kliniki inaziacha njia nyingine mbali, na ndiyo sababu mimi ziara ya kwanza huifanya huko hata kama nyingine zote nitafanyia nyumbani.

Ziara ya kwanza yenye maana huanza na mizani. Uzito ndio unaoamua dawa ya minyoo na kila dawa nyingine. Kisha daktari anapima joto, ambalo kwa mbwa mzima wa afya liko karibu nyuzi 38 na nusu hadi 39, anafunua midomo aone ufizi kama ni wa waridi au umepauka, anasikiliza moyo, anapapasa kitovu kama kuna ngiri, anatazama kaakaa, macho, masikio, na kwa dume anahakikisha korodani zimeshuka au zitafuatiliwa. Anahesabu na meno. Meno ya mbele ya utoto huanza kuchomoza karibu wiki ya 3 au 4, na mtoto wa wiki 8 huwa karibu amekamilisha meno yake 28. Ya kikubwa ya mbele huanza kutoka kuanzia miezi 3 hadi 4. Kwa hiyo muuzaji anaweza kusema miezi mitatu, mdomo wa mbwa ukasema wiki tano.

Hayo yana uzito kwa sababu mtoto mgonjwa hachanjwi. Mwenye homa, anayehara, aliyejaa minyoo mpaka tumbo limekuwa ngoma, anatibiwa kwanza. Minyoo ya mviringo mtoto huipata tumboni mwa mama au kwenye maziwa, kwa hiyo karibu kila mtoto wa mbwa anayo hata ukimtoa nyumba safi. Kawaida dawa inaanza akiwa na wiki 2, kila wiki mbili mpaka wiki 8, halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Mayai ya minyoo hiyo hiyo yakimezwa na mtoto wa binadamu anayecheza mchangani yanaweza kumdhuru, hadi macho.

Bwana mifugo anayekuja nyumbani anaweza kuyafanya hayo yote akitaka. Tatizo ni kwamba wengi siku yao imejaa ng'ombe, mbuzi na kuku, na mbwa ni wa kupitia. Nina heshima kubwa kwao. Mtu anayeweza kumzalisha ng'ombe saa saba usiku kwa tochi ya simu si wa kubeza. Lakini muulize kama huwa anatibu mbwa. Mwulize zaidi akikutolea ivermectin ya ng'ombe kwa ajili ya kupe. Kichupa hicho kimetengenezwa kwa mnyama wa kilo mamia, na tone la ziada kwa mtoto wa kilo mbili ni sumu; kwa mbwa wa jamii ya Collie hata kiasi kidogo kinaweza kuwapeleka kwenye degedege. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo iache kwenye josho.

Dukani hakuna anayemwangalia mtoto, maana mtoto yuko nyumbani. Na kwenye foleni ya chanjo ya bure mtaalamu ana mbwa mia wa kumaliza kabla ya jua kali. Atamtazama wako kwa sekunde kumi. Hilo si kosa lake.

Kuna na lile linaloweza kutokea baada ya sindano. Wachache, wachache sana, huvimba uso au kuishiwa nguvu ndani ya dakika au saa chache. Kliniki ina adrenalini, dawa ya kumwokoa mbwa hapo hapo. Ukichanjia nyumbani, mwombe daktari anywe chai, akae nusu saa. Ukijichomea mwenyewe, ni wewe na Mungu wako.

Nimemshuhudia jirani, mtu msomi tu, amenunua vichupa viwili dukani, akavuta kile cha maji akamchoma mbwa, kile cha poda akakitupa kwa kudhani kimeharibika kwa sababu "kimekauka". Mbwa wake alichanjwa maji.

Njiani na kwenye benchi

Hili swali la nne sikulijua mpaka baadaye: mtoto anaweza kuupata ugonjwa siku ileile anayokwenda kukingwa.

Kliniki ndiko mbwa wagonjwa wanakopelekwa. Mwenye parvo alikalia sakafu ileile dakika kumi kabla yako. Basi mtoto asiguse chini. Mpakate juu ya kanga kuukuu, usimruhusu kunusana na mbwa wa watu, na kama mmekuja na gari au bajaji, ombeni mngojee nje mpaka mwitwe. Rudini na kanga hiyo iingie moja kwa moja kwenye maji yenye Jik. Foleni ya chanjo ya bure ina hatari ileile, pamoja na mbwa wakubwa waliofungwa kamba za katani wanaotaka kupigana.

Kwa upande huu aliyekuja nyumbani anashinda, kwa sharti moja: ametoka wapi? Kama asubuhi alikuwa nyumba yenye parvo, viatu vyake ni mzigo. Ndoo ya maji yenye Jik getini haimtukani mtu. Daktari anayejua kazi yake hukanyaga kabla hujamwambia.

Na usafiri wenyewe. Daladala nyingi hazitakuchukua na mbwa, na kondakta ana haki. Bajaji utapata, ila kumbuka kwamba dereva anaweza kuwa Mwislamu ambaye mate ya mbwa kwake ni najisi. Mwambie kabla hajasimamisha bei, mtoto awe ndani ya boksi lenye matundu au tenga lililofunikwa, chini weka magazeti, na usimlishe saa mbili kabla ya safari asije akatapika. Nimebebwa hivyo na madereva wale wale waliokuwa wamemkataa mbwa akiwa mkononi. Ukiona yote hayo ni kero, ongeza thamani yake kwenye ada ya daktari anayekuja nyumbani, utagundua si ghali sana kama ulivyodhani.

Kadi

Kadi ya kweli ina stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, kisha tarehe ya kuchoma, tarehe ya kurudi, jina, sahihi na muhuri. Kwa Tanzania aliyesajiliwa anatambuliwa na Baraza la Veterinari. Kwa Kenya ni Kenya Veterinary Board. Kuuliza namba ya usajili ni kama kumwuliza dereva leseni, wala usione aibu.

Kliniki na daktari wa nyumbani wote wanaweza kukupa kadi hiyo. Halmashauri hukupa cheti cha kichaa, kitunze kama risiti ya kiwanja: siku mbwa wako akimng'ata mtu, serikali ya mtaa, polisi na hospitali wote watakiulizia. Chanjo ya dukani haina kadi, hata ukibandika stika mwenyewe.

Walioko Ughaibuni, au wanaotarajia kuhama na mbwa, wasome hapa mara mbili. Umoja wa Ulaya kwa mbwa anayetoka Tanzania au Kenya unataka awekewe chipu ya utambulisho chini ya ngozi kabla ya chanjo ya kichaa, achanjwe akiwa na wiki 12 au zaidi, apimwe damu siku 30 baadaye au zaidi, kipimo cha kinga kifike angalau 0.5 IU kwa mililita, kisha asubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa ndipo asafiri. Ukichanja kwanza ukaweka chipu baadaye, unaanza upya. Hapo usijaribu njia yoyote isipokuwa kliniki.

Pesa

Kwa mpangilio, ghali zaidi ni daktari anayekuja kwa ajili yako peke yako, kisha kliniki, kisha duka, kisha chanjo ya bure. Lakini kichupa cha chanjo ya kichaa mara nyingi ni cha mbwa kumi. Mkijikusanya nyumba tano za mtaa mkamwita daktari Jumamosi moja, ada ya safari inagawanyika na kichupa kinaisha mbichi. Kwetu tunalifanya hilo kupitia kundi la WhatsApp la ulinzi shirikishi, na limewahi kutuletea bei iliyo chini ya kliniki.

Unapouliza bei kliniki, usiulize "chanjo shilingi ngapi?" Uliza: mpaka wiki ya 16 nitatoa jumla shilingi ngapi, kumwona daktari kumo au hakumo, dawa ya minyoo imo? Zipo zinazotangaza sindano ya kwanza kwa bei ya kutupa, utamu unaishia hapo.

Na kama pesa ipo ya sindano moja tu ya mchanganyiko, mwongozo ule wa WSAVA unasema ipigwe akiwa na wiki 16 au zaidi. Wengi hufanya kinyume: wanaharakisha ya wiki 6 kwa hamasa ya ugeni, kisha hamasa ikiisha wanaiacha ya mwisho, ambayo ndiyo iliyokuwa na uwezekano mkubwa wa kushika. Ukichagua njia hiyo ya sindano moja, mtoto asitoke getini mpaka hapo, na wala wageni wasimshike na viatu vyao vya barabarani.

Chanjo ya bure: si mbadala, lakini usiikose

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na halmashauri nyingi hupanga kampeni zao karibu na hapo. Wenye pesa huidharau. Wanakosea. Ili kichaa kikatike eneo fulani wataalamu wanalenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote, na asilimia hiyo haifikiwi kwa kliniki za Masaki peke yake. Pemba waliweza kukikomesha kwa kampeni za kuchanja mbwa, kikarudi, wakachanja tena kikakoma.

Ukiwa na mtoto wa wiki 8 na kampeni imefika kijijini kwako leo, na hujui itarudi lini, mpeleke. Timu nyingi huchanja hata wadogo, na Shirika la Afya Duniani linaunga mkono. Kisha mrudie akifika miezi mitatu. Watoto wa mbwa nao huugua kichaa, na wao ndio wanaopakatwa na watoto wetu. Akimng'ata mtu, hata kama anaonekana mzima, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Ila ukitoka kwenye foleni hiyo usiniambie mbwa ameshachanjwa. Parvo bado inamsubiri.

Mimi ningefanyaje

Mjini, mtoto wa wiki 6 hadi 8: kliniki mara ya kwanza, kwa ajili ya mizani, meno, moyo na minyoo. Sindano ya pili na ya tatu ningemwomba daktari yuleyule, au msaidizi wake aliyesajiliwa, aje nyumbani na deli, tukiwa tumejikusanya na majirani. Kichaa ningekichanjia kwenye kampeni ikiwa imekaribia wiki ya 12, isipokaribia nisingeisubiri.

Ukikaa Morogoro, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko mlangoni pako; Nairobi, kliniki ya chuo kikuu kule Kabete. Utasubiri, wanafunzi watamshika mbwa wako mmoja baada ya mwingine, lakini utaelezwa kila kitu mara tatu.

Kijijini, mbali na kliniki: bwana mifugo wa kata, mpangie tarehe mapema ili aagize chanjo ya mchanganyiko kutoka mjini ije na barafu siku hiyo hiyo. Msimamieni mwenyekiti wa kitongoji awatangazie wengine.

Dukani mimi naenda, tena sana: dawa ya minyoo baada ya kujua kilo za mbwa, shampuu ya viroboto, na Jik. Kichupa cha chanjo nakipita.

Aliyemfuata yule dume jeusi ni Bobi, koko mwenye masikio yasiyolingana. Tarehe zake tatu niliziandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ya Oktoba nikaizungushia kwa kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya wiki ya 16. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha, bajaji zikapandisha bei, na daktari wa kuja nyumbani akapiga simu kwamba barabara ya kwetu haipitiki. Nikamtia Bobi kwenye tenga la nyanya, nikalifunika kanga, nikavua viatu, tukatembea mpaka lami.

"Mzee, una nini humo?" dereva wa bajaji aliniuliza.

"Mbwa, mdogo wangu. Amefunikwa vizuri, hatagusa kiti."

Alinitazama miguu iliyojaa tope, akalitazama tenga. "Haya panda. Lakini akikojoa utaosha wewe."

Hakukojoa.